Mwaka Niliofundisha Sifuri Marui

Bi Chausiku amefariki. Habari niliipata kwa simu nikiwa shambani kwangu Mbwawa, nikipalilia mihogo ambayo majirani hunicheka kwamba mwalimu mstaafu ameipanda kwa mistari kama ya daftari. Aliyepiga alikuwa mjukuu wake. Alisema bibi ameshazikwa tangu juzi, wamekuwa wakitafuta namba yangu, na kwamba arobaini itasomwa palepale nyumbani, Marui. Nikamwambia nitafika. Nilipokata simu nilikaa kwenye tuta na jembe langu mapajani, nikalia kidogo, kisha nikashikwa na aibu ambayo haikuwa ya kulia. Nimefundisha hesabu zaidi ya miaka thelathini, sehemu kubwa hapahapa Kibaha, na watu wakiniuliza nilijifunzia wapi huwa nataja chuo cha ualimu. Huo ni uongo mdogo. Chuoni nilijifunza kuandika mpango wa somo na kushika chaki bila kuivunja. Hesabu yenyewe, au tuseme ile namba moja ambayo hesabu nyingine zote zinaitegemea, nilijifunza Marui, upande wa Kisarawe, katika mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilijifunza kwa kukosea, na aliyelipa kosa langu alikuwa Bi Chausiku. Mambo ya kwetu na namna nilivyoingia ualimu nayaacha, maana hayana kazi hapa.

Nilifika Marui nikiwa msichana wa miaka ishirini na moja, na barua ya ajira, godoro, na kiburi kingi. Nyumba ya mwalimu ilikuwa haijaezekwa, kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji akanipeleka kwa Bi Chausiku, mjane mwenye nyumba ya vyumba vitatu, akasema nikae hapo mpaka bati zitakapopatikana. Bati hazikupatikana mwaka ule wote. Chumba changu kilikuwa cha mwisho, kina kitanda cha kamba na dirisha la mbao lililofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Ukutani aliniachia pete nne za ukili uliokwisha kusukwa, zinasubiri kushonwa mikeka, na mpaka leo nikinusa ukindu mkavu naamka kabisa, hata kama nilikuwa nasinzia. Asubuhi tulikunywa chai ya mchaichai na muhogo wa kuchemsha. Mchana nilikuta bada, ule ugali wa muhogo, na kisamvu kilichoungwa nazi mpaka mafuta yakatengana. Mimi ni Mlutheri, yeye alikuwa mtu wa swala tano, na katika mwaka mzima jambo pekee tuliloligombania lilikuwa chumvi. Yeye aliweka kidogo. Mimi niliongeza nikidhani haoni, naye akawa anasema peke yake jikoni, kwa sauti ya mimi kusikia, "Kuna watu humu ndani wanakula bahari."

Kulikuwa na jambo moja la nyumba ile ambalo nilichelewa kulielewa. Jirani akileta mboga kwenye bakuli, bakuli lile halikurudi tupu. Hilo nilikuwa nalijua, hata kwetu lipo. Lakini Bi Chausiku alilipeleka mbali zaidi. Unga kwenye debe haukuachwa uishe, lazima ubaki japo wa kiganja. Maji ya mtungi hayakumalizwa kabla mengine hayajafika. Siku moja nilikwangua sufuria ya wali mpaka chini, kijana mwenye njaa, akanitazama kama mtu aliyevunja kitu. "Mwanangu," alisema, "akija mtu sasa hivi utamwonyesha nini? Weupe wa sufuria?" Nilicheka. Nilikuwa nacheka mambo mengi mwaka ule.

Alasiri, wakishaswali, nilifundisha kisomo cha watu wazima katika darasa la kwanza. Wanafunzi walikuwa kumi na wawili, wengi akina mama, magoti yao hayaingii chini ya madawati, kwa hiyo walikaa kwenye mikeka yao wenyewe, mizuri kuliko chochote kilichokuwa shuleni. Bi Chausiku alikaa mbele. Tarakimu alizishika upesi, kwa sababu mtu anayesuka ukili huhesabu siku nzima bila kutaja namba, na akikosea unyuzi mmoja mkeka mzima humwambia. Tulikwama kwenye kutoa. Nilimwekea korosho nane mbele, nikasema, "Nane toa nane, Bi Chausiku. Inabaki ngapi?" Akavuta saba upande wake, taratibu, akaacha moja.

"Imebaki moja," akasema.

"Nimesema utoe zote."

"Nimetoa."

"Hiyo je?"

"Hiyo ya nyumba," akasema, na wenzake wote wakaitikia kwamba ndiyo, hiyo ya nyumba, mwalimu anataka kufilisi watu. Nikarudia kwa mawe, kwa vijiti, kwa vizibo vya soda. Kila mara kilibaki kimoja. Haikuwa ujinga, na ningekuwa na akili ya sasa ningeuliza swali la pili. Badala yake niliandika duara kubwa ubaoni, nikasema hii ni sifuri, maana yake hakuna kitu.

Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe sikuwa naijua. Nilikuwa nimekariri: ukijumlisha namba na sifuri namba haibadiliki, ukitoa sifuri haibadiliki, ukizidisha kwa sifuri jibu ni sifuri, kugawanya kwa sifuri hakuruhusiwi. Amri nne, na mimi ni askari wake. Nilipouliza vikapu vitano, kila kikapu hakina kitu, jumla ni ngapi, Bi Chausiku akajibu, "Vikapu vitano," na darasa likaona amejibu vizuri sana. Nilipouliza mihogo sita igawiwe watu sifuri, kila mmoja atapata mingapi, akaniangalia kwa huruma. "Nimgawie nani, mwalimu?" Nikamwandikia kosa. Miaka mingi baadaye, nikiwafundisha watoto wa Kibaha, niligundua kwamba sijawahi kusikia maelezo mazuri kuliko hayo kuhusu kwa nini hatugawanyi kwa sifuri. Huna wa kumpa, kwa hiyo hakuna swali. Siku ile niliona ananichelewesha tu.

Na siku ile ndipo niliposema neno ambalo nimekuwa nikilibeba. Mmoja aliuliza: kama sifuri ni hakuna kitu, inaandikwa ya nini? Jua lilikuwa linashuka, nilikuwa na madaftari ya darasa la nne ya kusahihisha. Nikasema, ikiwa katikati ya namba, kama mia moja na tano, lazima muiandike, maana inashika nafasi. "Lakini ikisimama peke yake," nikasema, "msihangaike nayo. Haina thamani. Acheni wazi." Wakafurahi, kwa sababu duara lile lilikuwa linawakera. Bi Chausiku alifurahi kuliko wote. Akaandika kwenye daftari lake, polepole, akiyatamka maneno: acha wazi.

Miezi michache baadaye kijiji kilimchagua awe mpimaji wa watoto. Zahanati ilikuwa mbali, na nesi aliyeihudumia alitaka mtu mmoja katika kila kijiji wa kupima uzito wa watoto wadogo kila mwezi. Alikuwepo kijana mmoja aliyemaliza darasa la saba, lakini akina mama walisema hawatampa watoto wao mtu asiyejua hata kushika shingo ya mtoto mchanga. Bi Chausiku alikuwa amewapokea nusu ya watoto wale walipozaliwa, na sasa alikuwa anajua kusoma namba. Sijawahi kumwona mtu amefurahi namna ile bila kucheka. Alifua kanga yake nzuri jioni, akaianika, akaipiga pasi ya mkaa ambayo aliiazima kwa jirani, na pasi ikarudishwa na ndizi mbili juu yake. Siku ya kupima, mizani ilitundikwa kwenye boriti ya baraza ya ofisi ya kijiji, mtoto anavishwa kikaptula cha kitambaa chenye mikanda, ananing'inizwa, analia, na Bi Chausiku anaimba kitu kisicho na maneno huku akisoma mshale. Uzito aliuandika kwenye daftari kubwa lililobaki kijijini. Kisha akatoa uzito wa mwezi uliopita, akapata ongezeko, na ongezeko hilo pekee akalijaza kwenye karatasi ya kupeleka zahanati. Nilimsimamia miezi miwili ya kwanza, nikaona anatoa vizuri, nikajipongeza, nikarudi kwenye madaftari yangu.

Katika watoto wale alikuwemo Zaituni, mtoto wa Mwanaidi, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Alikuwa na mwaka na mwezi mmoja. Mwanaidi alikuwa rika langu, anapenda kuja kukaa jikoni kwetu, na ndiye aliyeleta malalamiko, siku moja mchana, akiwa na mtoto mgongoni. "Bi Chausiku, huyu nesi wenu ana nini na mimi? Ananiletea salamu kila mwezi: mwambieni Mwanaidi amlete mtoto kupimwa. Si ninamleta? Si wewe mwenyewe unamvalisha kile kikaptula?" Bi Chausiku akasema ni kweli, amemleta mwezi huu, na uliopita, na ule mwingine. Wakaona nesi amechanganya majina. Mimi nilikuwa palepale, nakula, nikasema hao watu wa zahanati hawako makini. Nayakumbuka maneno yangu hayo vizuri kuliko chakula.

Juma lililofuata nesi alikuja mwenyewe kwa baiskeli, asubuhi ya siku ya kupima. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mama mnene aliyechoka, akaomba maji, akaomba daftari kubwa, akaweka karatasi zake pembeni. Nilikuwa nimetoka shuleni mara moja kuazima chaki ya ofisini, nikasimama mlangoni. Akafuata jina la Zaituni kwa kidole. Kilo saba na gramu mia mbili. Mwezi uliofuata, kilo saba na gramu mia mbili. Miezi miwili iliyofuata tena, hivyohivyo. Kisha akageuka.

"Bi Chausiku, huyu mtoto alipimwa miezi hii mitatu ya mwisho?"

"Alipimwa. Mama yake huyo hapo."

"Mbona kwenye karatasi yangu hakuna kitu mbele ya jina lake?"

"Kwa sababu hakuongeza kitu."

"Sasa ungeandika sifuri, mama yangu! Pakiwa wazi mimi najua hakuletwa. Sifuri mbili zikifuatana ninamwita mtoto siku hiyohiyo. Mimi nimekaa kule natuma salamu, kumbe mtoto anaisha hapa."

Baraza zima likamtazama Bi Chausiku. Mwanaidi alikuwa amemshika Zaituni kifuani, na kwa mara ya kwanza nilimwona mtoto yule kwa macho ya mtu aliyeambiwa aangalie: mikono myembamba, kikohozi kidogo kisichosikika vizuri. Mwenyekiti akauliza, "Hukufundishwa sifuri?" Bi Chausiku hakunitazama. Angenitazama mara moja tu ningesema, au ndivyo nilivyojidanganya kwa miaka mingi. Alitazama mizani. "Nilifundishwa," akasema. "Mwalimu alifundisha vizuri. Ni mimi tu, moyo ulinikataza kumwandikia mtoto wa mtu utupu mbele ya jina lake." Watu wakaguna, maana walimjua, na walijua mabakuli yake. Ikaonekana ni jambo la kizee. Nami nilikuwa mlangoni na boksi la chaki mkononi, katika mwaka wangu wa majaribio, barua ya kuthibitishwa kazini haijaandikwa, na mwenyekiti ni mmoja wa wale watakaoulizwa habari zangu. Sikusema neno. Nilirudi darasani nikafundisha kipindi cha jiografia.

Zaituni alipelekwa zahanati siku ileile, na kutoka huko hospitali, Kisarawe mjini. Bi Chausiku alikwenda pamoja na Mwanaidi, kwa ajili ya kupika na kufua. Nilibaki peke yangu na nyumba. Nilipika bada ikaungua. Nilikula chumvi niliyotaka na haikuwa na ladha. Kila mtu aliyetoka mjini nilimuuliza, na kila mtu alijibu kwamba mtoto yupo, anachomwa sindano, ni kifua. Siku hizo ndipo nilipoanza kufikiri kuhusu sifuri, kwa woga na si kwa ualimu. Kwenye karatasi ya nesi, mtoto aliyeletwa akakutwa hajaongeza na mtoto ambaye hakuna aliyemtazama walikuwa kitu kimoja, kwa sababu mimi niliwafanya kuwa kitu kimoja. Sifuri si pengo. Sifuri ni jibu la mtu aliyepima. Mtu ameangalia, amehesabu, amekuta hakuna, na anasimama kusema kwamba ameangalia. Nilikuwa nimewaambia watu wazima kumi na wawili kwamba jibu hilo halina thamani.

Bi Chausiku alirudi baada ya siku kumi na sita, amekonda, akasema mtoto ameanza kula na kunywa, ila watakaa sana. Nilimtengea chai. Sikusubiri aimalize. "Bi Chausiku, mimi ndiye niliyesema muache wazi."

"Najua. Nimeiandika kwenye daftari."

"Mbona hukusema pale?"

Akapuliza chai. "Wewe una barua yako haijaja. Mimi mikeka yangu haithibitishwi na mtu." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini ambayo iliniuma kuliko kama angenitukana, "Na ule moyo wa kukataa utupu ulikuwepo kweli. Uliniambia acha wazi, nikashukuru. Tuko wawili, mwanangu. Sasa nifundishe upya, usinifiche kitu."

Nikamfundisha, palepale jikoni, na siyo kwa duara. Nilitandaza majani manne ya ukindu, nikasema hawa ni watoto wanne. Huyu ameongeza gramu mia mbili. Huyu mia. Huyu ameletwa, hajaongeza. Huyu hakuletwa. Nikauliza, hawa wawili wa mwisho wako sawa? Akaliinua lile jani la tatu. "Hapana. Huyu nimemshika mkononi." Akachukua chaki, akachora sifuri sakafuni, nzuri, imefungwa vizuri, akasema, "Basi hii ndiyo ya nyumba." Nilielewa alichosema, kwamba hata kitu kikiisha lazima pabaki cha kumwonyesha anayekuja, na nikalia mbele yake bila haya. Alikuwa ameielewa sifuri kunizidi, mtu ambaye juma lile kijiji kilikuwa kimeshamnyang'anya mizani na kumpa yule kijana wa darasa la saba. Nilimwahidi nitakwenda kwa mwenyekiti. Akasema subiri barua yako ije. Barua ilikuja. Nikasema nitakwenda baada ya mitihani. Kisha nikapata uhamisho, Kibaha, karibu na barabara kubwa, nami nikafungasha godoro langu nikaondoka. Kwa miaka yote iliyobaki nimekuwa mwalimu anayetumia juma zima kufundisha sifuri, walimu wakuu wakilalamika, wazazi wakinisifu. Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa najitakasa kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo nilikwenda arobaini. Nyumba imepauliwa bati, chumba changu sasa ni cha kuwekea magunia ya korosho. Akina mama tulikaa ndani kwenye mikeka, wanaume walikuwa barazani, dua ikasomwa, pilau ikaja kwenye masinia. Mwanaidi alikuwa sinia moja na mimi, mvi tupu, na aliyetupitishia maji ya kunawa alikuwa Zaituni, mama wa watoto watatu, mfupi wa mwili, anacheka upesi. Wakaanza kumsimulia marehemu, kama inavyokuwa. Mkunga hodari, mkali wa usafi, mkeka wake unaishi kuliko aliyeununua. Mjukuu aliyenipigia simu akasema, "Bibi alijua kila kitu, isipokuwa hesabu. Si ndiyo maana wakamnyang'anya mizani? Sifuri ilimshinda!" Wakacheka, kicheko cha mapenzi, na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kucheka nao.

"Hapana," nikasema. Ilibidi niseme mara mbili. Nikawaeleza: alasiri ile, neno nililolisema, daftari lake, mlango niliosimama na chaki, na jikoni. Zaituni alikaa chini na jagi lake la maji.

Mwanaidi hakuutoa mkono wake kwenye wali. "Na yeye alijua ni wewe?"

"Alijua siku ileile."

"Yule kijana alipima miezi minne akaenda zake mjini. Wakaja wengine, wakaenda. Kuna mwaka mizani haikutundikwa kabisa, tunabeba watoto mpaka zahanati kwa mguu. Na yeye yuko hapa anasuka." Akanitazama. "Ungesema, wangemrudishia."

"Wangemrudishia," nikasema.

"Mama, mwache mwalimu ale," Zaituni akasema.

"Simkatazi kula. Nataka akaseme na kule nje. Waliomnyang'anya ni wale."

Nikanawa mkono, nikajifunga kanga vizuri, nikatoka barazani. Mwenyekiti wa zamani alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na ukuta, mzee sana sasa, vijana wawili wanamlisha. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia mimi ni yule mwalimu aliyekaa kwa Bi Chausiku, na nina neno la mizani. Wakaniambia hasikii vizuri, niseme kwa sauti. Nikasema kwa sauti.